Maswali Niliyouliza Katika Usaili wa Ubingwa

Karibu kila usaili wa mafunzo ya udaktari bingwa nchini Marekani hufika mahali ambapo msaili huuliza, "Je, una swali lolote kwetu?" Katika usaili wangu wa kwanza niliuliza kama hospitali ile ina nafasi za utafiti, jambo lililokuwa limeelezwa waziwazi kwenye tovuti yao. Nilijibiwa kwa upole, tukaagana, na nikabaki na uchungu wa kupoteza dakika ambazo nisingezipata tena.

Uchungu huo ulikuwa na sababu, kwa kuwa mwombaji naye huchagua. Usaili unapokwisha, kila upande hupanga orodha yake kwa kufuata upendeleo, NRMP, shirika linalowapangia waombaji hospitali za mafunzo, huzilinganisha orodha hizo kwa kompyuta, na matokeo ambayo kwa kawaida hutangazwa Ijumaa ya tatu ya mwezi Machi humfunga mwombaji na hospitali moja. Kwa anayesomea tiba ya magonjwa ya ndani hiyo ni miaka 3, na kwa anayesomea upasuaji wa jumla ni miaka 5. Basi nikajiwekea kipimo: swali ambalo jibu lake haliwezi kuipandisha wala kuishusha hospitali katika orodha yangu, siliulizi.

Kipimo hicho kilifuta maswali mengi. Mshahara hutangazwa, kwa hiyo hauna haja ya kuulizwa. Ukomo wa saa za kazi umewekwa na ACGME, chombo kinachoidhinisha mafunzo haya, kuwa saa 80 kwa wiki kwa wastani wa wiki 4, na ukiuliza kama unazingatiwa, sidhani kama kuna mkurugenzi atakayekujibu kwamba hauzingatiwi. Nikaanza kuuliza tukio badala ya sifa: mara ya mwisho residenti, yaani daktari aliye katika mafunzo haya ya ubingwa, alipougua ghafla, ni nani aliyeshika zamu yake, na zamu hiyo ililipwaje baadaye? Mwenye jibu hulitoa pamoja na siku na mazingira yake, na asiye nalo hurudia kwamba wao ni kama familia.

Swali nililolithamini kuliko yote lilihusu usiku. Niliwauliza wakurugenzi na residenti, kila mmoja kwa wakati wake: "Hali ya mgonjwa ikibadilika saa tisa usiku na hujui la kufanya, unampigia nani, naye hupokea vipi?" Katika hospitali moja mkurugenzi alinihakikishia kwamba mabingwa wanapatikana saa zote. Mchana wa siku hiyo hiyo, katika kikao cha video ambacho viongozi hawakuhudhuria, residenti wa mwaka wa pili alinyamaza kidogo, akawatazama wenzake kwenye kioo, kisha akasema, "Tunapiga, ila kwanza tunakubaliana nani apige." Hakuwa amelalamika, wala simlaumu mkurugenzi kwa uongo, maana huenda aliamini alichosema. Hata hivyo niliwafikiria wagonjwa wanaosubiri makubaliano hayo yafikiwe, na hospitali ile ikashuka sana katika orodha yangu.

Kwingine, residenti wa mwaka wa kwanza alinieleza kwamba wiki chache kabla alikuwa amemwamsha bingwa wake kwa jambo ambalo baadaye lilionekana dogo, na asubuhi yake bingwa huyo akamshukuru mbele ya timu nzima kwa kupiga simu. Wenzake wawili waliitikia kwa kichwa kabla hajamaliza kusema.

Wakurugenzi niliwauliza pia ni jambo gani walilolibadilisha mwaka uliotangulia kutokana na malalamiko ya residenti. Ni swali la heshima, na anayewasikiliza watu wake hulijibu bila kutafuta maneno.

Baada ya kila usaili niliandika majibu daftarini kabla sijainuka kitini, kwa maneno yale yale niliyoyasikia. Mwezi Februari, nilipoketi kupanga orodha, nyuso zilikuwa zimechanganyika kabisa kichwani, lakini katika ukurasa wa hospitali ile ya pili nilikuta nimeandika na kupigia mstari maneno matatu: "Bingwa hushukuru kuamshwa." Niliiweka nafasi ya kwanza.