Jinsi nilivyoitoa haidrojeni iliyonasa ndani ya stenlesi

Chumba chetu cha ombwe, yaani chombo kinachonyonywa hewa kwa pampu, kilikuwa cha stenlesi (chuma kisichoshika kutu), ukuta wa milimita 2, kisafi na kisichovuja. Kila kiungo tulikikagua kwa heliamu. Hata hivyo geji ya shinikizo iligoma kushuka. Nikafunga kichambuzi kinachotenganisha gesi kwa uzito wa molekuli. Mwanzoni namba 18, yaani mvuke wa maji, ndiyo iliyotawala. Tulipokipasha chumba hadi nyuzi 200 za Selsiasi, 18 ikazama, 2 ikabaki imesimama peke yake. Haidrojeni.

Gesi hiyo ilikuwa ndani ya chuma chenyewe. Huingia kingali kimeyeyuka tanurini, huongezeka kinapooshwa kwa asidi au kuchomelewa penye unyevu. Huingia atomu mojamoja na kujipenyeza katikati ya atomu za chuma. Nyingine hunasa penye kasoro: kwenye mipaka ya punje (fuwele ndogondogo zinazounda chuma), pale safu za atomu zilipokatika, kandokando ya chembe za uchafu. Ili itoke, atomu lazima ifike usoni, ikutane na mwenzake, ziungane kuwa molekuli ndipo ziondoke. Utando uleule wa oksidi ya kromiamu unaozuia kutu huzidi kuichelewesha.

Hesabu ndiyo iliyonipa mwelekeo. Stenlesi ya 304 au 316, aina zinazotumika sana, hubeba haidrojeni nyingi kuliko chuma cha kawaida, lakini huiachia taratibu mno. Kwa ukuta wetu, katika joto la kawaida atomu iliyo katikati huhitaji zaidi ya karne kutoka. Kwa nyuzi 200, wiki kadhaa. Kwa nyuzi 950, dakika! Nilipoiona tofauti hiyo sikutaka tena kuongeza siku za kupasha, nilitaka tanuri.

Chumba tulikitia kwenye tanuri la ombwe, nyuzi 950, saa mbili. Hewani kingefanya magamba meusi ya oksidi. Tahadhari kubwa ni flanji, yaani pete za kuunganishia: joto hilo hulainisha stenlesi, na ule ukingo mkali unaong'ata gasketi (pete ya kuziba) ya shaba unaweza kubonyea. Ndiyo maana tangu mwanzo tuliagiza flanji za stenlesi aina ya 316LN, ambazo hubaki ngumu.

Baadaye tulikipasha tena kidogo kuondoa maji yaliyoingia kilipokuwa wazi. Namba 2 ilishuka zaidi ya mara mia. Bado ndiyo gesi inayoongoza, ila sasa pampu inaimudu.