Barakoa ya Krosis

Leo jioni, katika Skyrim, mchezo wa video uliotoka mwaka 2011, hatimaye nimemshinda kuhani wa joka wa kule mlimani Shearpoint na kuichukua barakoa yake, Krosis.

Barakoa hiyo huongeza kwa asilimia 20 ustadi wa kutumia upinde, kufungua kufuli na kutengeneza dawa, lakini huvaliwa mahali pa kofia, hivyo imenibidi nivue kofia ya chuma niliyokuwa nimeiimarisha kwenye meza ya mhunzi.

Nilipoivaa, uso wa mhusika wangu ulifunikwa wote: kovu la shavuni, ndevu, hata rangi za kivita nilizomchagulia kwa makini.

Nimefurahi kupata nguvu hizo, lakini nimemkosa mtu niliyemzoea.

Ndugu zangu mnaocheza, ninyi huchagua kofia kwa nguvu zake au kwa sura yake?