Fumbua Kinywa Chako, Kunjua Mkono Wako

Wapendwa katika Bwana, neema na amani ziwe kwenu.

Juma hili nimelemewa na swali lililozuka katika kikundi chetu cha maombi, ambalo hatukulimaliza jioni ile na ambalo halijaniacha tangu hapo. Ndugu mmoja alituarifu kwamba anakusudia kushiriki maandamano ya amani ya kuwatetea wafanyakazi wasiolipwa mishahara yao, akaomba tumkumbuke katika sala. Kabla hajaketi, mzee mmoja ambaye ninamheshimu sana, kwa kuwa sijapata kumwona akifunga mkono wake mbele ya mhitaji, alimwuliza kwa upole kama saa hizo za kusimama barabarani na bango zisingezaa matunda zaidi iwapo angezitumia kutembelea, kubeba na kugawa. "Mwanangu, maneno matupu hayavunji mfupa," alimwambia, na wengi wakaitikia kwa vichwa. Dada mmoja akajibu, kwa uchungu uliosikika wazi, kwamba sadaka zetu zimekuwa bei tunayolipa ili tulale vizuri. Tuliomba, tukapeana mikono, lakini hatukuachana kwa wepesi tuliouzoea.

Hoja ya mzee wetu ina mizizi katika Maandiko, na sitaki kuipita haraka. Bwana alipotueleza atakavyowatenga kondoo na mbuzi, hakutaja bango wala tamko. Alitaja njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo. Yakobo naye anamkemea yule amwambiaye ndugu aliyepungukiwa na riziki, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," asimpe mahitaji ya mwili, kisha anauliza yafaa nini. Mwenye njaa leo anahitaji kula leo, na hata hotuba ya kweli kabisa haimtulizi mtoto anayelia usiku. Tena tunawajua wanaopaza sauti kwa ajili ya maskini ilhali hawamjui hata maskini mmoja kwa jina, na Isaya alikwisha kuwaona watu wa namna hiyo katika wale waliofunga ili wapate kushindana na kugombana, saumu yao ikiwa imejaa kunyosha kidole. Ikiwa maandamano yetu ni ya aina hiyo, mzee amesema kweli na tumsikilize.

Hata hivyo kuna jambo linalonizuia kuishia hapo, nalo nililiona juma hili hili katika nyumba ya familia moja ambayo ushirika wetu umekuwa ukiisaidia kwa vyakula na karo za watoto. Mama wa nyumba ile alilipokea kapu kwa mikono miwili, akavipanga vitu mezani kimoja kimoja bila haraka. Kisha akaingia chumbani, akatoka na daftari dogo lenye jalada lililochanika, ambamo mume wake huandika zamu zake: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na pembeni saini ya msimamizi. Safu ya mwisho, ile ya malipo, ilikuwa tupu ukurasa baada ya ukurasa. "Mtumishi, tunawashukuru sana, na Mungu awazidishie," akaniambia. "Ila mume wangu si mgonjwa, wala si mvivu. Mume wangu ana kazi."

Nimeyatafakari maneno yale mbele za Mungu, na kadiri ninavyoyatafakari ndivyo ninavyoona kwamba mama yule alikuwa akitufundisha tofauti ambayo sisi wenye makapu huisahau kwa urahisi. Yuko mtu anayehitaji msaada kwa sababu ugonjwa, uzee, ukame au msiba umemfika, na huyo tumbebe bila kuuliza mengi. Lakini yuko pia mtu anayehitaji msaada kwa sababu mwenzake ameshikilia kile kilicho haki yake. Huyu wa pili tukimpelekea kapu na kunyamaza, tumempunguzia njaa, jambo ambalo ni jema, ila wakati huo huo tumemlipia deni mtu asiyetaka kulipa. Senti za wajane wa ushirika wetu, zilizotolewa kwa machozi na kwa imani, zinageuka kuwa nafuu kwa mwajiri, ambaye sasa anaweza kuendelea kuzuia mishahara akijua kwamba watu wake hawatakufa njaa kwa kuwa kanisa lipo. Je, hilo ndilo tulilokusudia tulipozileta sadaka zetu madhabahuni?

Barua ile ile inayotuagiza kuwapa ndugu mahitaji ya mwili ndiyo inayosema, sura tatu mbele: "Angalieni, ujira wa wakulima waliovuna mashamba yenu, ninyi mliouzuia kwa hila, unapiga kelele, na vilio vyao waliovuna vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi." Tazameni kinachopiga kelele katika aya hiyo. Kabla ya vilio vya wavunaji kutajwa, ujira wenyewe uliozuiwa umekwisha kulia, na Mungu hakukiita kilio hicho fujo, wala hakukiambia kisubiri wakati ufaao. Amekipokea. Torati nayo ilikwisha kuagiza kwamba mwajiriwa apewe ujira wake siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa kuwa ni maskini na moyo wake umeutumainia, asije akamlilia Bwana ikawa dhambi juu ya aliyeuzuia. Kwa hiyo mwamini anapopaza sauti hadharani kwa ajili ya mshahara uliozuiwa, anaungana na kelele iliyokwisha kufika mbinguni, ili isikike na huku chini wanakoishi wenye uwezo wa kulipa.

Nehemia aliyaelewa haya vizuri, nami ninawasihi mkaisome tena sura ya 5 ya kitabu chake kwa utulivu. Watu walimlilia kwamba wameyaweka rehani mashamba yao, mizabibu yao na nyumba zao wapate nafaka wakati wa njaa, na kwamba wana wao na binti zao wanatiwa utumwani. Nehemia hakuwa mtu wa maneno matupu. Yeye na ndugu zake walikuwa wakiwakopesha watu fedha na nafaka. Meza yake ililisha watu 150, mbali na wageni waliotoka kwa mataifa ya jirani. Na kwa miaka 12 hakuila posho ya liwali iliyokuwa haki yake. Mtu wa namna hiyo angeweza kusema kwamba sehemu yake ameitimiza, mengine amwachie Mungu. Badala yake alikasirika sana, akashauriana na nafsi yake, akawagombeza wakuu na mashehe, akakusanya mkutano mkubwa juu yao, na mbele ya watu wote akawataka warudishe siku ile ile mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta. Kisha akawaapisha mbele ya makuhani na kukung'uta nguo yake. Wakuu wale hawakupata neno la kujitetea, na mimi ninaamini sababu mojawapo ni kwamba aliyewashitaki alikuwa na meza iliyojulikana na kila mtu mjini. Lakini tukumbuke na upande wa pili: meza ile, kwa wingi wake wote, isingelirudisha shamba hata moja kwa mwenyewe. Mashamba yalirudi kwa sababu mtu alisimama mbele ya mkutano akasema jambo mnalolitenda si jema.

Historia iliyokuja baadaye inasema hayo hayo. Mwaka 1888, wanawake na wasichana wapatao 1,400 waligoma katika kiwanda cha viberiti cha Bryant & May mashariki mwa London. Walikuwa wakikatwa faini kutoka katika ujira uliokuwa mdogo tangu mwanzo, na walikula chakula chao pale pale penye fosforasi nyeupe, sumu iliyoozesha mifupa ya taya. Mgomo ule uliziondoa faini na kuwapatia mahali pa kulia palipo mbali na sumu, ingawa fosforasi nyeupe yenyewe iliendelea kutumika. Mwaka 1891 Jeshi la Wokovu lilifungua kiwanda chake mjini humo, likitumia fosforasi nyekundu isiyoleta ugonjwa ule na kulipa ujira ulio bora, likawaonyesha wote kwamba kiberiti kinaweza kutengenezwa bila kumharibu anayekitengeneza. Hata hivyo ilihitajika sheria ya Bunge, ya mwaka 1908, ndipo fosforasi nyeupe ipigwe marufuku katika viwanda vya nchi nzima. Ninajiuliza ni nani kati yetu angethubutu kusimama mbele ya msichana aliyevimba taya na kumwambia kwamba kugoma kwake hakuna faida kama dawa tutakayomletea. Na ni nani angewaambia waliofungua kiwanda kile kwamba wanapoteza muda, heri waende wakaandamane.

Vivyo hivyo huko Montgomery, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, ambako watu Weusi walikataa kupanda mabasi yaliyowabagua kwa siku 381, kuanzia Desemba 1955 hadi Desemba 1956. Tunaikumbuka sauti ya Martin Luther King, Jr., na tunafanya vema. Lakini waliogoma walipaswa kufika kazini kila asubuhi, na wengi wao walifika kwa sababu watu binafsi na makanisa walitoa magari, na sehemu ya gharama za magari hayo ililipwa na wanawake kama Georgia Gilmore, mpishi aliyewakusanya wenzake wakapika na kuuza vyakula na keki, kisha wakaleta fedha katika mikutano iliyofanyika makanisani. Katika jiko lile kupinga na kusaidia vilikuwa kazi moja, na kama mtu angemwuliza mama yule anachagua kipi, sidhani kwamba angelielewa swali.

Sasa niruhusuni niseme kama mchungaji anavyosema na watu awapendao. Swali la kwa nini wasisaidie badala ya kulalamika huulizwa mara nyingi na watu ambao wenyewe hawasaidii. Mzee wetu ana haki ya kuliuliza, maana mikono yake inamshuhudia. Wengi wetu tumeliazima swali lake bila kuiazima mikono yake. Tunalitumia kuwanyamazisha wenye uchungu, kisha tunarudi nyumbani bila kupaza sauti wala kubeba kapu, tukijiona watu wa amani. Na kuna ukimya ulio mbaya kuliko huo: tunanyamaza kwa sababu yule anayezuia mishahara huketi viti vya mbele na hutoa sadaka nono, nasi tunaogopa kwamba akikasirika ujenzi utasimama. Yakobo alituonya kuhusu mwenye pete ya dhahabu anayekaribishwa mahali pazuri huku maskini akiambiwa aketi chini penye miguu, na Habakuki alisema kwamba jiwe litapiga kelele katika ukuta wa nyumba iliyojengwa kwa dhuluma. Msidhani kwamba ukuta wa kanisa umesamehewa kelele hiyo. Wapendwa, tutubu, na tutubu mapema, kwa maana kumfariji mtu aliyedhulumiwa huku tukimheshimu aliyemdhulumu ni kumdhulumu mara ya pili.

Nanyi mnaokwenda kuandamana, nendeni bila mawe na bila matusi, mkiyajua majina ya wale mnaowatetea, na mkirudi mpite nyumbani kwao.

Mathayo ametuandikia jambo ambalo nimelisoma upya juma hili kwa shukrani. Sote tunakumbuka, katika sura ya 21, jinsi Bwana Yesu alivyozipindua meza za wabadili fedha na viti vya wauza njiwa. Mara nyingi tunaishia hapo, lakini mbele kidogo, aya ya 14 inasema: "Na watu vipofu na viwete wakamwendea mle hekaluni, naye akawaponya." Ni mle mle, meza zikiwa zimeanguka na sarafu zimetawanyika. Wenye biashara walifukuzwa, lakini wale dhaifu kuliko wote hawakukimbia. Walimsogelea yule aliyekuwa amekasirika, kwa sababu waliijua hasira ile kuwa imekuja upande wao. Mikono iliyopindua meza ndiyo iliyowagusa.

Nimezungumza na mzee wetu na yule dada, na wote wawili wamekubali kwenda pamoja na baba wa familia ile, daftari lake mkononi, wamwone mwajiri ana kwa ana kama Bwana alivyotuelekeza katika Mathayo 18. Tulianza kwa kumwuliza baba mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye atakayebeba gharama ya maneno yetu ikiwa mambo yataharibika, na si vema tumtetee mtu kwa namna ambayo hakuiridhia. Mwajiri asipowasikia, tutafuatana na baba yule kwenye mamlaka inayohusika na haki za wafanyakazi, na hapo ndugu yetu mwenye bango atakuwa na wenzake wa kusimama naye. Kapu litaendelea kupelekwa kama kawaida.

Ninaomba juma hili mtuombee katika hayo. Mwombeeni mwajiri, kwa maana naye ni mtu ambaye Kristo alimfia, ili Mungu ampe moyo wa wakuu wale waliomjibu Nehemia, "Tutawarudishia." Waombeeni watakaokwenda wapewe maneno ya kweli yasiyo na chuki. Na mwombeeni baba yule asifukuzwe kazi kwa sababu ya kutetewa kwake. Na ikiwa atafukuzwa, mjiandae kuanzia sasa kuibeba nyumba yake pamoja nasi, kwa muda wote utakaohitajika.