Nilivyobuni kilalio cha sigaa na kisahani cha majivu katika kifaa kimoja cha mbao

Visahani vingi vya majivu vilibuniwa kwa ajili ya sigara ya karatasi. Ukingo wake una vipengo vifupi vya milimita 8 au 9, bakuli ni la kina kifupi, na mvutaji anatarajiwa kubonyeza kipisi hadi kizime. Sigaa, ile ya majani matupu ya tumbaku yaliyoviringwa, haiingii katika mpango huo. Ni nene mara mbili au tatu zaidi, ni nzito, hulazwa na kuinuliwa kwa muda mrefu, na haibonyezwi: huachwa ilale hadi ijifie yenyewe. Kwa hiyo nilianza na kilalio, yaani mahali sigaa inapolazwa. Bakuli lilifuata baadaye, kwa vipimo ambavyo kilalio kiliruhusu.

Kwanza vipimo vya sigaa zenyewe. Unene hutajwa kwa namba, na kila moja ya namba hiyo ni 1/64 ya inchi. Aina iitwayo robusto kwa kawaida ni namba 50, yaani milimita 19.8, na urefu wake ni inchi 5, sawa na milimita 127. Lancero ni namba 38 (milimita 15.1) lakini hufika milimita 190. Churchill ni namba 47 kwa milimita 178. Gordo ni namba 60, karibu milimita 24. Kilalio kimoja lazima kibebe zote, kuanzia milimita 15 hadi 24.

Mfereji wenye sakafu ya mviringo unapendeza machoni, ila unafaa unene mmoja tu. Ukiuchonga kwa ajili ya milimita 24, sigaa ya milimita 15 hubiringika ndani yake. Ukiuchonga kwa ajili ya nyembamba, nene hukaa juu ya kingo na kubanwa, na jani la nje huchanika. Nilichagua mfereji wa umbo la V wenye pembe ya digrii 90. Humo sigaa yoyote hugusa mistari miwili tu, mmoja kila upande, na haibiringiki. Chini yake hubaki nafasi: kwa robusto ni milimita 4 hivi kutoka kitako cha V, kwa gordo milimita 5. Hewa hupita hapo, na unyevu wa moshi hauwi kidimbwi chini ya sigaa.

Urefu wa kilalio ndio uliohitaji hesabu nyingi, kwa sababu sigaa hufupika inapowaka na kitovu cha uzito wake husogea. Kanuni niliyoifuata ina sehemu mbili. Kaa la moto, yaani mstari unaotenganisha majivu na tumbaku, likae angalau milimita 12 mbele ya ncha ya kilalio. Na katikati ya tumbaku iliyobaki paangukie juu ya kilalio, si nje yake. Majivu yenyewe ni mepesi, kwa hiyo siyaingizi kwenye hesabu hata yakining'inia sentimita 2.

Chukua kilalio cha milimita 80. Robusto mpya ina katikati yake kwenye milimita 63.5, ukitoa 12 zinazoning'inia, katikati inaangukia 51.5 kutoka ncha ya kilalio. Imetulia. Churchill inaangukia 77, bado ndani lakini kwa shida, basi isogezwe mbele milimita 10 zaidi. Lancero inaangukia 83 na itapinduka kinyumenyume isiposogezwa mbele kama milimita 20. Kurefusha kilalio hadi 100 kungezitosha zote, lakini vipisi vingezama mbali na vidole, na kipande kizima kingekuwa kikubwa mno mezani. Nimebaki na 80.

Kilalio hicho kina sehemu mbili: milimita 68 za mbao, na milimita 12 za ulimi wa bati unaochomoza juu ya bakuli. Ulimi ndio kinga ya mbao. Sigaa iliyosahauliwa huendelea kuwaka taratibu kurudi nyuma, na bila ulimi kaa lingefika kwenye mbao. Likifika kwenye bati, chuma hunyonya joto na mara nyingi kaa hudhoofika hapo hapo. Huko kunyonya joto ndiko kunakofanya iwe kosa kulaza sigaa inayovutwa kaa likiwa limegusa chuma: upande mmoja hupoa, mwingine huendelea, na sigaa huwaka mshazari. Ndiyo maana ya zile milimita 12.

Kwa ulimi nilitumia bati la stenlesi, lile lisiloshika kutu, la unene wa milimita 1. Alumini inapitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi, hivyo huzima kaa lililo jirani na pia hupeleka joto hilo kwenye mbao. Shaba ya njano inang'aa vizuri siku za kwanza, kisha lami ya moshi huiletea madoa ambayo hayatoki bila kuisugua.

Mwili ni tabaka tatu za mbao zilizounganishwa kwa gundi, kwa sababu kuchonga tundu lenye ngazi ndani ya gogo moja ni kazi ya mashine ambayo wengi hawana. Kwa tabaka, kila moja hutobolewa tundu lake moja kwa moja, na ngazi inajitokeza yenyewe. Urefu ni milimita 200 na upana 140. Tabaka la juu lina unene wa milimita 20 na tundu la kipenyo cha 116. La kati ni milimita 36 na tundu la 92. Chini ni plaiwudi ya milimita 6, haina tundu. Kitovu cha matundu yote mawili kiko milimita 74 kutoka ncha ya mbali, ile ya upande wa bakuli, kwenye mstari wa katikati ya upana. Hapo tundu kubwa huacha ukuta wa milimita 16 kwenye ncha hiyo na 12 kila ubavu.

Mbao iwe ngumu na kavu kabisa, mtiki unafaa. Msonobari na ndugu zake wana utomvu unaotoka kwa joto na kunata. Nyuzi za tabaka la juu na la kati zielekee upande mmoja, kwa urefu. Zikipishana, mbao zitakapotanuka na kusinyaa tabaka litapasuka kwenye ukuta mwembamba wa ubavu, kwa kuwa hapo ndipo penye nguvu ndogo kuliko pote.

Mfereji hukatwa kabla ya tundu, wakati tabaka la juu bado ni ubao mzima. Chora mstari wa katikati, kisha chora kingo za V milimita 10 kila upande wa mstari huo, kuanzia ncha ya nje, ile isiyo na bakuli, hadi kuvuka kidogo mahali ukingo wa tundu utakapopita. Kata kwa msumeno ulioinamishwa digrii 45 hadi kina cha milimita 10 kote. Baada ya hapo shusha kwa patasi upande wa bakuli hadi milimita 14, ukipanua hadi upana wa 28, na uache upande wa nje ukiwa 10. Mteremko huo ni kama digrii 3. Unatosha kuelekeza majivu bakulini bila sigaa kuteleza. Ukizidisha, moto hupanda haraka upande wa juu wa sigaa. Malizia kwa msasa namba 120 uliozungushwa kwenye kijiti chenye kona ya mraba, kisha namba 240. Ukitumia vidole kushika msasa, kitako cha V kitakuwa mviringo na kuta hazitanyooka.

Tundu la 116 nilikata kwa jigsoo, nikiacha milimita 1 ndani ya mstari na kuimaliza kwa msasa. Bandika utepe wa karatasi mahali mfereji unapokutana na tundu, la sivyo pembe za V zitamegeka.

Kisha bonde la vidole. Kipisi cha milimita 50 kikilazwa kama inavyotakiwa, kichwa chake, yaani upande wa mdomoni, huwa milimita 38 nyuma ya ncha ya ulimi, ndani kabisa ya mfereji. Vidole haviwezi kukishika. Kwa hiyo kata bonde linalovuka mfereji kwa upana wote wa ubao, la upana wa milimita 30 na kina cha 10, likianzia milimita 14 kutoka ukingo wa tundu. Hapo kichwa cha kipisi huwa hewani, kidole gumba na cha shahada vinakibana kutoka pande mbili, na upande wa kwenda mdomoni haugusi kitu. Nani atakaye kulamba palipolala kipisi cha jana? Kipisi chenyewe kinabebwa na ulimi peke yake: katikati yake ni milimita 13 kutoka ncha, na ulimi una urefu wa 24. Hakianguki.

Ulimi ni kipande cha bati cha milimita 24 kwa 40, kilichokunjwa katikati kwa digrii 90 ili kila shavu liwe na milimita 20. Kikunje juu ya kona ya chuma iliyobanwa kwenye jiriwa, kwa kugonga kupitia kijiti cha mbao. Nyundo ikigusa bati moja kwa moja huacha vishimo vinavyokwaruza jani la nje. Milimita 12 zinalala juu ya mbao, 12 zinachomoza. Sehemu ya mbao inayolala chini yake ichongwe milimita 2 zaidi: moja kwa ajili ya bati, moja kwa ajili ya washa ndogo (kiduara chenye tundu cha kuvalishwa skrubu) inayolitenga na mbao ili hewa ipite katikati. Bila washa, bati hubandikana na mbao na joto lote huingia.

Skrubu ni moja kila shavu, ya milimita 3 kwa 12. Itobolewe milimita 4 kutoka ukingo wa juu wa shavu, kichwa kizamishwe. Mahali hapo si pa kubahatisha: gordo hugusa shavu milimita 12 kutoka kitako cha V, skrubu iko kwenye 16, hivyo hakuna sigaa itakayokwaruzwa. Piga tupa kingo zote za bati hadi kucha ipite bila kukwama, hasa ile ncha ya mbele.

Bakuli ni la stenlesi, la kina cha milimita 30, lenye mdomo uliokunjwa wa kipenyo cha 100 na tumbo la 90. Linaning'inia kwa mdomo wake juu ya tabaka la kati, na chini hubaki milimita 6 za hewa kabla ya plaiwudi. Kuta zake lazima ziwe za mteremko, pana juu na nyembamba chini. Ulimi unapita juu ya mdomo wa bakuli kwa milimita 4, ili majivu yasidondoke kwenye ngazi ya mbao, kwa hiyo bakuli halitoki kwa kuinuliwa wima. Unaingiza kidole upande wa mbali, unainua upande huo kwanza, halafu unalivuta kwa mshazari. Bakuli la kuta wima litakwama hapo, ukilazimisha utapinda ulimi. Kati ya kitako cha ulimi na mdomo wa bakuli kuna nafasi ya milimita 3 hivi; pima kabla ya kugundisha, maana midomo ya mabakuli hutofautiana unene.

Ujazo wa bakuli la kipimo hicho, lenye kitako cha milimita 60, ni kama mililita 130. Robusto nzima kabla ya kuwashwa ni mililita 39, basi linabeba majivu na vipisi vya sigaa mbili bila kufurika. Kina cha jumla kutoka uso wa juu ni milimita 50, na upepo mdogo hauyarushi majivu.

Jaribu mizani kabla ya kugundisha. Usitumie sigaa: kata vijiti vya mviringo vya unene wa 15, 20 na 24 kwa urefu wa 190, 127 na 50, uvilaze kimoja kimoja ukisukuma meza kidogo. Kikipinduka nyuma, kilalio ni kifupi au mteremko haupo. Kikiteleza mbele, mteremko umezidi. Ukiridhika, paka gundi ya mbao, bana kwa klempu nne na uache usiku kucha. Futa gundi iliyotoka ndani ya tundu kwa kitambaa chenye maji ikiwa bado mbichi, maana baadaye patasi haifiki.

Vanishi nimeiacha. Karibu na joto hutoa harufu na kufura malengelenge, na harufu hiyo huingia kwenye sigaa. Nimepaka mafuta ya kitani mara mbili, tabaka nyembamba, nikifuta yaliyobaki baada ya dakika 20, na kuacha yakauke kwa siku kadhaa. Matambara yaliyotumika yatandazwe nje yakauke au yazamishwe kwenye maji. Yakikunjwa na kutupwa kwenye pipa, mafuta ya kitani hupata moto yenyewe yanapokauka, na hiyo ni hatari kubwa kuliko sigaa yenyewe.

Ndani ya bakuli maji hayafai. Majivu yaliyolowa hunuka vibaya. Mchanga mkavu wa milimita 5 unatosha, majivu hupoa upesi juu yake. Ulimi hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti, ukiwa umepoa na pasipo chochote kinachowaka karibu. Bakuli limwagwe asubuhi yake kwenye kopo la chuma lenye kifuniko, kwani kaa dogo hujificha chini ya majivu kwa muda mrefu kuliko linavyoonekana.