Modeli imejifunza mchochota, au safari ya sanduku la barafu?

Tuseme tunaifunza modeli ya kompyuta itambue mchochota, yaani mwili kuwaka ukipambana na maradhi, kwa watoto wa Pemba, ikitumia metaboliti, molekuli ndogo zilizomo kwenye damu. Damu ya watoto wa Wawi inafika maabara Chake Chake saa tatu asubuhi, na ya Micheweni, mbali zaidi, saa nane mchana. Chembe zilizomo kwenye chupa haziachi kula: damu isiyotenganishwa ikikaa kwenye joto la chumba, glukosi hupungua kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa na laktati, masazo ya glukosi iliyoliwa, hupanda. Ikiwa Micheweni ndiko wagonjwa walikozidi, kompyuta itashika laktati na kuiita mchochota. Barabara haiijui.

Basi chupa ya EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, iingie kwenye ubaridi papo hapo, bila kugusana na barafu yenyewe, maana chembe nyekundu zitapasuka. Muda wa kuizungusha kwenye mashine ya kutenganisha damu uwe mmoja kwa kila mtoto. Plazima, maji ya damu yaliyotengwa na chembe, igawiwe vichupa vidogo, nyuzi 80 chini ya sifuri, kila kipimo kiyeyushe chake. Ikitoka ya waridi, chembe zimepasuka, iwekwe kando; mara nyingi sindano ilivutwa kwa nguvu kwenye mshipa mwembamba. Mtoto mchanga hafungishwi, kwa hiyo muulize mama alimnyonyesha saa ngapi, uandike.

Jibu ambalo modeli inalitafuta hutoka kwenye CRP na AGP, protini za damu zinazopanda mchochota ukiwapo: CRP zaidi ya miligramu 5 kwa lita, au AGP zaidi ya gramu 1 kwa lita, ndiyo mipaka ya kawaida. Pima zote mbili: CRP hupanda na kushuka upesi, AGP hubakia kwa mtoto anayepona. Upande wa metaboliti, anza na uwiano wa kinurenini kwa triptofani (asidi amino ya chakula), kwani kwenye mchochota interferoni gama, ishara ya kinga ya mwili, huamsha kimeng'enya IDO kinachoigeuza triptofani kuelekea kinurenini. Modeli isiyouona uwiano huo, mimi huishuku data kwanza.

Umri nao hulaghai. Hipureti, metaboliti itokanayo na vyakula vya mimea, hupanda mtoto akishaanza uji na matunda, hivyo linganisha na modeli yenye umri peke yake.

Gawa data ya kufunzia na ya kujaribia kwa shehia, si kwa mtoto mmojammoja; ndugu wa nyumba moja wasikae pande mbili. Kila baada ya sampuli 10 pitisha mchanganyiko wa plazima zote, na metaboliti inayoyumba humo kupita asilimia 30 itupwe. Halafu vuruga ovyo majibu (nani ana mchochota, nani hana) mara 1000, ukirudia kazi yote tangu kuchuja metaboliti za kutumia. Ikiwa modeli bado inabashiri vizuri, huenda metaboliti zilichujwa kabla data haijagawiwa.