Jerikeni ya Njano

Tulikaa Namuwongo, mtaa wa Kampala, Uganda, karibu na reli. Mama alikulia kambini, binti wa mwanajeshi, na Kiswahili chetu cha nyumbani kilitoka huko. Likizo moja mwaka 2004, nikiwa na miaka 11, nilimfuata Mama hadi Muyenga, kwenye nyumba aliyokuwa akifua nguo.

Muyenga watu huiita Tank Hill, kwa sababu ya matangi makubwa ya maji yaliyoko juu ya kilima. Maji huvutwa Ziwa Victoria kule Ggaba, yakasukumwa hadi kileleni, kisha yakateremka kwa mabomba kwenda mjini. Sisi tuliokaa chini ya kilima hichohicho tulinunua kwa jerikeni, lita 20 shilingi 100, na yakikatika bei inapanda. Mwenye bomba lake ndani ya ua alilipa kidogo kuliko sisi kwa kila lita. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Siku hiyo mtunza bustani alikwenda kula akaacha mpira wa maji ukimwagika kwenye nyasi. Nilikuwa na jerikeni yangu ya njano, ya lita 10. Nikaijaza.

Getini askari akatusimamisha. Nilimfahamu vizuri: alikuwa jirani yetu, chumba chake na chetu vikitenganishwa na ukuta mmoja wa udongo. Usiku tulimsikia akikohoa.

"Fungua," akasema. Nikafungua. "Mwaga."

Nikamtazama Mama. Alikuwa ameshika beseni kwapani, anatazama barabara.

"Mwaga, mwanangu."

Nilipoinamisha jerikeni, askari akanishika mkono taratibu akanielekeza kwenye maua, saruji isilowe. Yalichukua muda mrefu kwisha. Sijawahi kusikia maji yakipiga kelele vile.

Jioni tulimkuta bombani, mbele yetu kwenye foleni, shati la kazi begani, jerikeni mbili tupu miguuni.

"Afande, habari ya kazi?" Mama akamsalimu, kama siku zote.

"Kazi iko, dada." Hakuinua macho.

Zamu yake ilipofika, alizisogeza zake kando, akaichukua ile yangu ya njano na kuiweka chini ya bomba. Ilipojaa akaingiza mkono mfukoni, lakini Mama alikuwa ameshatoa shilingi 50 akampa mwenye bomba.