Kelele za Mikindani hazichezi Ligi Kuu

Tangu dogo wetu asajiliwe na timu ya Ligi Kuu, nikikatiza tu stendi ya Mtwara nakutana na swali lilelile: "Ticha, mbona hapangwi?" Bodaboda wanauliza, mama anayeuza ming'oko anauliza, hata mzazi aliyekuja shuleni kulalamikia alama za mwanawe za jiografia alianza na hilo, alama zikafuata. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa jibu la wote.

Bado hajajua kucheza.

Msinirukie. Kuuchezea mpira anajua, tena sana. Kwa miaka yote niliyofundisha vijana huku kwetu sijaona winga mwenye mguu wa kushoto kama ule. Lakini mpira aliolelewa nao ni mwingine, na huu anaolipwa mshahara ni mwingine kabisa.

Wanaofuata ndondo, zile mechi za mtaani, huku kwetu Mikindani watanielewa. Uwanja ni mchanga mzito, mpira haukimbii. Anayekukaba ameshinda juani tangu alfajiri, kama si kuvua basi kuokota korosho, na kipindi cha pili kikianza miguu haimtii. Winga mwenye kipaji anaupokea mpira, anausimamisha, anainua kichwa, kisha anachagua nani wa kumdhalilisha. Anapiga tobo, yowe linapanda, mwenye duka anatupa noti uwanjani, na bao hata likikosekana hakuna anayejali. Dogo amekulia ndani ya yowe hilo.

Huko alikokwenda, ukiusimamisha mpira umeshaupoteza. Beki wa Ligi Kuu amelala vizuri, amekula vizuri, na kocha wake ameshamwonyesha kwenye video kwamba wewe hutegemea mguu wa kushoto. Hakurukii kama mabeki wetu. Anakupa nafasi ya upande usioupenda, anasubiri.

Mechi yake ya kwanza na timu ya vijana ilirekodiwa, akanitumia. Aliporudi nyumbani msimu ulipokwisha tukaitazama pamoja kwenye simu yangu, pale barazani kwao, na nikamwekea sharti moja: usiuangalie mpira, jiangalie mwenyewe. Kuna mahali kipa wa timu yake ana mpira, dogo amesimama kushoto karibu na mstari, mikono kiunoni, anangoja aletewe. Mpira ukapotea katikati. Beki wa kulia wa wapinzani akampita mgongoni kama bodaboda isiyowasha taa, krosi ikamwagwa, goli. Dogo bado mikono kiunoni. Nikairudisha video nyuma.

"Huyo alikuwa mtu wa nani?"

Akanyamaza kidogo. "Wa kwangu, kocha."

Mama yake, aliyekuwa anachambua mchele pembeni na ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa Nangwanda Sijaona, akadakia: "Sasa wewe ulikuwa unasubiri nini?" Sikuwa na la kuongeza.

Hilo ndilo linalomweka benchi. Katika dakika tisini mchezaji ana mpira mguuni kwa dakika chache mno. Muda wote uliobaki anafanya kazi nyingine: kurudi kukaba, kumfungulia mwenzake njia kwa kukimbia mahali ambapo anajua hatapewa pasi, kuuwahi mpira unaodondoka baada ya kugombewa, kumzuia beki asipande. Mchangani winga harudi kukaba na hakuna anayemdai. Kwa kocha wa Ligi Kuu, asiyerudi ni pengo, na pengo halipangwi hata likiwa na chenga za aina gani.

Kwa hiyo likizo hiyo hatukugusa chenga kabisa. Tulifanya zoezi moja ambalo halina gharama, na makocha wenzangu wa mitaani wanaweza kulichukua. Kijana wa kidato cha pili anasimama mbele ya dogo na mpira. Mimi nasimama nyuma ya dogo. Pasi ikipigwa, nanyanyua vidole, na yeye lazima ageuze shingo, aone, ataje idadi kabla mpira haujamfikia. Siku ya kwanza alikuwa anaotea tu. "Vitatu!" Mimi nimekunja ngumi. Watoto waliokaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa wakacheka hadi mmoja akaanguka, na dogo, staa wa mtaa, akakasirika kwelikweli. Nikafurahi, maana hasira hiyo ilimfanya aje kesho yake kabla yangu.

Baadaye vidole vikawa amri. Kimoja, rudisha ulikotoka. Viwili, geuka nao. Vitatu, pitisha kwa mguso mmoja upande wa pili. Maana yake uamuzi unafanyika kabla ya mpira kufika, si baada. Mwanzoni shingo ilikuwa nzito kama imefungwa kamba, ila kufikia mwisho wa likizo ilikuwa inazunguka bila kukumbushwa.

Kuhusu chakula na vyuma sina mengi. Klabu ina kocha wa viungo na anafanya kazi yake, kijana amejaa mabega. Analalamika kwamba kambini hakuna ugali wa muhogo. Atazoea.

Kilichonisumbua zaidi ni haraka yetu sisi wa Kusini. Tumezoeshwa vibaya na klabu zetu. Ndanda ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, ikashuka 2020. Namungo ya Ruangwa ilipanda 2019, na mwaka uliofuata tu ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini dhidi ya Simba, halafu ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Tukaona kumbe mambo ni ya kuruka tu. Lakini klabu inayotaka kuruka hununua wachezaji waliokwisha komaa kwingine. Miguu ya mtoto wa miaka kumi na minane hakuna duka linalouza ikiwa imekomaa.

Kila mtu ananitajia Mbwana Samatta, mshambuliaji wetu aliyefika Ulaya, na mimi nawajibu kwa Samatta huyohuyo. Alitoka Simba kwenda TP Mazembe ya Kongo mwaka 2011, akakaa Lubumbashi hadi Januari 2016 ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji. Ameondoka kule akiwa na Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015 na tuzo ya mchezaji bora wa mwaka huo kati ya wanaocheza Afrika. Mnalikumbuka jina lake pale Aston Villa ya Uingereza, miaka ile ya Lubumbashi mnairuka.

Halafu simu. Mshahara wa kwanza haujakaa vizuri kwenye akaunti, tayari kuna anayetaka bati, anayetaka ada, anayetaka "ya vocha tu, mdogo wangu". Mwingine alimpigia saa tano usiku kuamkia mechi. Tumekaa na familia tukakubaliana maombi yote yapitie kwa mjomba wake, mzee asiyecheka ovyo. Simu zimepungua ghafla. Watu wana aibu kumwomba mjomba hela ya vocha.

Na kwa wenye timu za mitaani, niseme hili hata kama liko pembeni: andikisheni watoto. Kanuni za FIFA zinahesabu malezi ya mchezaji kuanzia msimu anaotimiza miaka 12, na mchezaji akiuzwa nje ya nchi kuna fungu la waliomlea. Bila kumbukumbu za usajili hakuna anayekujua. Mimi siku hizi ninazunguka na bahasha la vyeti vya kuzaliwa kama karani wa kata.

Sasa jipya. Klabu inataka kumpeleka dogo kwa mkopo, yaani akachezee timu nyingine kwa muda, huko Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu. Mtaani imeshakuwa habari ya msiba: ameshushwa, ametemwa, kipaji kimekufa. Mama yake akaja kwangu jioni, kanga begani, uso umebadilika.

"Ticha, wamemfukuza mwanangu?"

Nikamwambia hapana, mama, wamempa mechi. Huko atacheza kila wiki, na mabeki wagumu, viwanja vibovu, safari ndefu za basi. Akikosea Jumamosi, wiki inayofuata anapata pa kurekebishia. Kwenye benchi la timu kubwa hata kosa lenyewe hapati nafasi ya kulifanya. Ningekuwa na mtoto wangu ningempeleka leo.

Akafikiri. Kisha akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wa wale wataalamu wa stendi amewahi kuniuliza: "Na mshahara atalipa nani, hawa au wale?"

Hilo ni makubaliano ya klabu mbili, na lazima liwe kwenye karatasi. Mjomba anasafiri wiki ijayo akiwa na maswali matatu niliyomwandikia: nani analipa, mkopo unaisha lini, na akiumia huko anatibiwa na nani. Dogo ameambiwa asiguse kalamu mpaka mzee afike.